Daftari la Wote: Jinsi Mifuatano ya Vinasaba Ilivyokuwa Mali ya Umma

Mwanafunzi wa biolojia akiletewa leo kipande cha DNA asichojua asili yake, hunakili herufi zake, huzibandika kwenye ukurasa wa programu ya utafutaji iitwayo BLAST na kubonyeza kitufe. Baada ya muda mfupi ameshaonyeshwa kiumbe kinachofanana nacho, jeni inayohusika, na makala zilizoandikwa kuihusu. Hatoi hata senti, haombi ruhusa ya mtu, wala haulizwi anasoma chuo gani. Kwa kuwa amezoea hivyo, hudhani ndivyo mambo yalivyokuwa tangu mwanzo. Sivyo. Uhuru huo uligombaniwa, na katika ugomvi huo kuna aliyeshindwa ambaye kazi yake bado tunaitumia kila siku. Na sasa hoja ile ile imerudi mezani, safari hii ikigusa sampuli zinazotoka katika mashamba na hospitali zetu.

1951–1965: Insulini ya ng'ombe

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanakemia wengi hawakuwa na hakika kama protini ina mpangilio maalumu. Wapo waliodhani ni mchanganyiko tu wa asidi amino unaobadilikabadilika. Frederick Sanger wa Cambridge ndiye aliyemaliza ubishi. Alichukua insulini ya ng'ombe, akaivunja kwa asidi na vimeng'enya, akatia alama ya rangi ya manjano kwenye ncha za vipande, kisha akavitenganisha kwa kuvipitisha kwenye karatasi iliyolowa vimiminika. Baada ya hapo ilibaki kazi ya kukaa chini na kutafuta vipande vinavyoingiliana: kimoja kikiishia na asidi zile zile ambazo kingine kinaanzia, vinaunganishwa. Mwaka 1951 alikuwa amemaliza mnyororo wenye asidi amino 30, na mwaka 1953 ule wenye 21. Jumla 51, kwa jasho la takriban miaka kumi. Mwaka 1958 alipewa Tuzo ya Nobeli.

Kilichofuata hakikupigiwa kelele sana, lakini kwa habari yetu ndicho kikubwa. Sanger na wenzake walisoma pia insulini ya nguruwe, kondoo, farasi na nyangumi, wakakuta kwamba tofauti zimejibana katika nafasi tatu zinazofuatana, ya 8 hadi ya 10, kwenye mnyororo mfupi. Kumbe wanyama wanaweza kulinganishwa herufi kwa herufi! Kule California, Emile Zuckerkandl na Linus Pauling walilipeleka wazo hilo mbele kwa kutumia hemoglobini: idadi ya tofauti kati ya protini za viumbe wawili, walisema, inaweza kukadiria muda uliopita tangu watengane na babu yao wa pamoja.

Ili kulinganisha, lazima mifuatano iwe mahali pamoja. Haikuwa hivyo. Kila mmoja ulikuwa umelala kwenye jarida lake, na msomi aliyeutaka alilazimika kwenda maktaba kuunakili kwa mkono.

1965: Kadi za Margaret Dayhoff

Margaret Oakley Dayhoff alizaliwa Philadelphia mwaka 1925. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1948 akiwa tayari anatumia mashine za kadi zilizotobolewa kukokotoa nishati ya molekuli, wakati ambapo wanakemia wengi hawakuwa wameigusa mashine ya aina hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa katika taasisi ndogo ya utafiti karibu na Washington iliyoanzishwa na Robert Ledley, daktari wa meno aliyegeukia fizikia na kompyuta. Wawili hao waliandika programu iliyoitwa COMPROTEIN, iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya IBM 7090. Kazi yake ilikuwa ile ile aliyoifanya Sanger kwa kalamu: kupokea vipande vinavyoingiliana na kuvipanga hadi protini nzima itokee.

Mwaka 1965 Dayhoff na wenzake walitoa kitabu, *Atlas of Protein Sequence and Structure*. Kilikuwa na protini 65. Hiyo ndiyo hifadhidata ya kwanza ya mifuatano tunayoweza kuiita kwa jina hilo, ingawa ilikuwa ya karatasi. Nyuma ya kila ukurasa kulikuwa na mtu aliyesoma majarida, aliyekagua makosa ya uchapaji, na aliyetoboa kadi. Kadi moja ilikuwa na nafasi 80 tu, na majina ya asidi amino yalikuwa yakiandikwa kwa herufi tatu tatu. Dayhoff akayapunguza kuwa herufi moja moja. Asidi zilizozoeleka zilipata herufi zao za mwanzo, nyingine zikapewa herufi kwa mlio, kama F kwa fenilalanini, na triptofani yenye umbo nene ikapata W. Mwanafunzi anayelalamika kwamba orodha hiyo haina mantiki anapaswa kumlaumu mtoboa kadi.

Matoleo ya *Atlas* yaliendelea kuongezeka. Kutokana na mkusanyiko huo Dayhoff alipata kitu ambacho hakuna aliyeweza kukipata kwa kusoma protini moja: kwa kuhesabu mabadiliko 1,572 katika familia 71 za protini zinazokaribiana, alitengeneza mwaka 1978 majedwali ya PAM, yanayosema ni asidi gani hubadilika kwa urahisi kuwa ipi. Lusini ikigeuka isolusini, hilo ni jambo la kawaida. Triptofani ikigeuka glisini, hilo ni jambo zito. Programu za kulinganisha protini bado hutumia majedwali ya aina hiyo.

Hata hivyo, wenzake hawakumheshimu inavyostahili. Machoni pa wanabiolojia wengi, kukusanya kazi za wengine hakukuwa sayansi, ilikuwa kazi ya karani. Aliwaomba watafiti wamtumie mifuatano ambayo haijachapishwa, wachache wakaitikia. Na kwa kuwa fedha za serikali hazikutosha kulipa mishahara ya wasaidizi wake, *Atlas* iliuzwa, kanda za sumaku zikauzwa, na mnunuzi hakuruhusiwa kuzisambaza kwa wengine. Manung'uniko yakaanza: sisi ndio tuliosoma protini hizi, mbona tunauziwa jasho letu wenyewe?

1970–1981: Kanuni ya jedwali

Wakati huo huo swali la hesabu lilikuwa likisubiri. Chukua ACGTTA na ACTTA. Ukiziweka moja chini ya nyingine bila kufikiri, herufi tatu tu ndizo zinazokutana. Ukiacha pengo moja baada ya AC katika mfuatano wa pili, zote tano zinakutana na wenzao. Kwa mifuatano mifupi jicho linatosha. Kwa herufi mia moja, namna za kuweka mapengo ni nyingi kiasi kwamba hakuna kompyuta inayoweza kuzijaribu zote moja moja.

Saul Needleman na Christian Wunsch, waliokuwa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Illinois, walitoa jibu mwaka 1970. Chora jedwali, mfuatano mmoja juu, mwingine ubavuni. Kila chumba cha jedwali kinajazwa alama bora kabisa inayoweza kupatikana mpaka hapo, kwa kutazama vyumba vitatu tu vya jirani: cha juu, cha kushoto, na cha kona. Ukifika mwisho unarudi nyuma kwa njia iliyokupa alama hizo, na ulinganisho bora uko mkononi. Mifuatano miwili ya herufi 100 inahitaji vyumba 10,000, kazi ndogo kabisa kwa kompyuta. Mwaka 1981 Temple Smith na Michael Waterman waliongeza badiliko dogo lenye matokeo makubwa: alama ikishuka chini ya sifuri, ianze upya kwenye sifuri. Kwa badiliko hilo kanuni hutafuta kipande kinachofanana ndani ya mifuatano ambayo kwingineko haifanani hata kidogo. Protini nyingi ziko hivyo hasa.

Katikati ya miaka hiyo mafuriko yalianza. Mwaka 1977 Sanger, ambaye sasa alikuwa amehamia kwenye DNA, alitangaza njia yake mpya ya kusoma vinasaba, na kundi lake likachapisha jenomu ya virusi phiX174 yenye herufi zaidi ya 5,300. Marekani, Allan Maxam na Walter Gilbert nao walikuwa na njia yao mwaka huo huo. Mwenzake Sanger, Roger Staden, akaanza kuandika programu za kuunganisha vipande, kwa sababu kalamu na karatasi zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wake.

1979–1982: Zabuni

Machi 1979 wanasayansi wapatao thelathini walikutana katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakakubaliana kuwa inahitajika hifadhidata moja ya DNA. Kukubaliana kulikuwa rahisi. Nani aiendeshe, kwa fedha ya nani, na kwa masharti gani, hayo yalichukua zaidi ya miaka mitatu. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilijikokota. Ulaya haikungoja: maabara ya EMBL huko Heidelberg, Ujerumani, ilitoa toleo lake la kwanza Aprili 1982, likiwa na mifuatano 568.

NIH ilipotangaza zabuni hatimaye, wawili walikuwa mbele. Mmoja alikuwa Dayhoff, mwenye uzoefu wa miaka karibu ishirini na mkusanyiko mkubwa wa DNA aliokwisha kuuanza. Wa pili alikuwa Walter Goad wa Los Alamos, mwanafizikia aliyewahi kushiriki katika hesabu za bomu la haidrojeni kabla ya kuhamia biolojia. Goad alishirikiana na kampuni ya Bolt Beranek and Newman, ile iliyojenga mitambo ya kwanza ya ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti.

Juni 1982 mkataba wa miaka mitano ulikwenda kwa upande wa Goad. Mashine zao zilikuwa na nguvu, na mtandao ulivutia: data ingepatikana kwa njia ya simu na kompyuta, siyo kwa kanda za posta peke yake. Lakini kilichowapa ushindi hasa ni sharti. Goad na wenzake walisema waziwazi kwamba hawatadai umiliki wa mfuatano hata mmoja, na yeyote anaweza kuchukua, kunakili na kusambaza. Dayhoff hakuweza kusema hivyo bila kukata tawi alilokalia. Hifadhidata iliyopata mkataba iliitwa GenBank. Toleo lake la Desemba 1982 lilikuwa na mifuatano 606, herufi 680,338 kwa jumla. Dayhoff alifariki Februari 1983, akiwa na miaka 57.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama ushindi wa wema dhidi ya uchoyo. Mimi siamini hivyo. Dayhoff aliuza kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kulipia, na siku serikali ilipokubali kulipia, fedha ilimwendea aliyeweza kuahidi ukarimu kwa mfuko wa serikali. Data ya bure ina mlipaji wake mahali fulani, na mlipaji akichoka, milango hutikisika. Swiss-Prot, hifadhidata ya protini iliyoanzishwa na Amos Bairoch huko Geneva mwaka 1986, ilionja hayo ilipokosa ufadhili mwaka 1996, ikanusurika kwa kelele za watumiaji wake duniani kote. Ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha hifadhidata ya protini ya UniProt.

1983–1992: Wachapaji wanaelemewa

Faida ya kuwa na mkusanyiko ilionekana mapema kuliko ilivyotarajiwa. Katika nusu ya kwanza ya 1983, Russell Doolittle wa San Diego, aliyekuwa na hifadhidata yake ndogo ya protini, alilinganisha mfuatano mpya wa protini inayochochea ukuaji wa seli, PDGF, na mifuatano aliyokuwa nayo. Ukafanana na v-sis, jeni ya virusi vinavyosababisha saratani kwa nyani. Kundi jingine London liliona jambo lile lile wakati huo huo. Maana yake ilikuwa nzito: virusi viliiba jeni ya kawaida ya ukuaji, na saratani ni ukuaji uliokosa breki. Ugunduzi huo ulipatikana bila darubini, kwa kulinganisha orodha mbili za herufi. Waliowaona wakusanyaji kuwa makarani walianza kuwatazama kwa jicho jingine.

Makarani wenyewe, hata hivyo, walikuwa wanazama. Los Alamos na Heidelberg walikuwa bado wanasoma majarida na kuchapa mifuatano herufi kwa herufi, na kufikia katikati ya muongo huo makala iliyochapishwa ingeweza kukaa zaidi ya mwaka kabla mfuatano wake haujaingia. Suluhisho halikutoka kwenye mashine bali kwa wahariri. Mwaka 1988 jarida la *Nucleic Acids Research* lilianza kuwataka waandishi wawasilishe mifuatano yao wenyewe kwenye hifadhidata na kuonyesha namba ya usajili kabla ya makala kutoka. Majarida mengine yakafuata. Aliyetaka jina, na katika sayansi nani hataki jina, alilazimika kwanza kuitoa data. Naona uamuzi huo wa wahariri ulileta data nyingi kuliko programu yoyote ya zama hizo.

Japani ilijiunga kwa hifadhidata yake, DDBJ, huko Mishima, na hadi leo GenBank, Ulaya na Japani hubadilishana walichopokea kila siku. Ukiwasilisha kwa mmoja, umewasilisha kwa wote watatu. Novemba 1988 Marekani ikaanzisha kituo cha NCBI, kwa sheria iliyopiganiwa na Claude Pepper, mwanasiasa mzee wa Florida. David Lipman akawa mkurugenzi wake, na GenBank ikahamia huko mwaka 1992.

Lipman alikuwa na jambo jingine akilini. Jedwali la Smith na Waterman ni sahihi, lakini kulijaza upya kwa kila mfuatano uliomo kwenye hifadhidata nzima kulikuwa kunachosha kompyuta za wakati huo. Yeye na William Pearson walikuwa wamekwisha kutoa FASTP mwaka 1985 na FASTA mwaka 1988, programu zilizotanguliza kutafuta vijisehemu vinavyofanana kabisa kabla ya kufanya hesabu nzito. FASTA ilituachia pia ule mtindo wa faili unaoanza na alama ya >, ambao umewazidi umri washindani wote. Mwaka 1990 ikaja BLAST, ya Stephen Altschul, Warren Gish, Webb Miller, Eugene Myers na Lipman mwenyewe. BLAST hukata swali lako kuwa vineno vifupi, vya herufi tatu kwa protini na kwa kawaida 11 kwa DNA, hutafuta vineno hivyo kwenye hifadhidata, na pale vinapopatikana hunyoosha ulinganisho kushoto na kulia hadi alama zianze kushuka. Mara chache hukosa kitu ambacho jedwali kamili lingekiona. Hiyo ndiyo bei ya kasi, na watu waliilipa kwa furaha.

Kilichoitofautisha BLAST na waliotangulia ni takwimu, zilizojengwa na Altschul pamoja na mwanahisabati Samuel Karlin. Ile thamani ya E inayotokea pembeni ya kila jibu inasema: katika hifadhidata ya ukubwa huu, ni majibu mangapi yenye alama nzuri kiasi hiki yangetokea kwa bahati tu? E ya 5 ni kelele. E ya 0.000001 inastahili kusomwa. Na kwa kuwa hesabu inategemea ukubwa wa hifadhidata, ulinganisho ule ule unaweza kupata E mbaya zaidi miaka kumi baadaye, baada ya hifadhidata kufura. Ukinakili jina la jibu la kwanza bila kutazama E, umefungua mlango bila kuuliza hodi ni ya nani.

Mwaka 1988 pia, Desmond Higgins na Paul Sharp huko Dublin walitoa Clustal, ya kupanga mifuatano mingi kwa pamoja. Waliiandika iweze kwenda kwenye kompyuta ndogo ya mezani, na hapo ndipo siri ya kuenea kwake: maabara isiyo na mashine kubwa iliweza kuitumia.

1995–2001: Saa 24

Haemophilus influenzae, bakteria mwenye herufi milioni 1.83, alikuwa kiumbe hai wa kwanza kusomwa jenomu yake yote, mwaka 1995. Binadamu alikuwa njiani. Februari 1996 viongozi wa mradi wa jenomu ya binadamu walikutana kisiwani Bermuda. Kwa msukumo mkubwa wa John Sulston wa Uingereza na Robert Waterston wa Marekani, walikubaliana kwamba kila kipande kilichounganishwa kuzidi herufi 1,000 kitawekwa wazi, ikiwezekana ndani ya saa 24. Data itoke kabla ya makala, kabla ya hataza, na kabla msomaji wa kwanza hajaielewa. Ahadi ya Goad ya 1982 sasa ilikuwa imepewa saa ya ukutani.

Mwaka 1998 Craig Venter alianzisha kampuni ya Celera, akiahidi kumaliza jenomu ya binadamu mapema na kuwauzia wateja data kwa ada. Kampuni ilichota pia data ya umma iliyokuwa bure mtandaoni, huku yake ikiwa nyuma ya ukuta. Wengi waliudhika, lakini hakuna kanuni iliyovunjwa: kilichofunguliwa kwa wote kimefunguliwa pia kwa mshindani.

Masika ya 2000 mradi wa umma ulikuwa na mamia ya maelfu ya vipande na hakuna aliyeweza kuviunganisha. Jim Kent, mwanafunzi wa uzamivu huko Santa Cruz, California, aliandika programu ya GigAssembler kwa takriban wiki nne, usiku na mchana, akipoza vifundo vya mikono kwa barafu kwa sababu ya kuchapa. Iliendeshwa kwenye kompyuta 100 za kawaida zilizounganishwa. Alimaliza Juni 22, siku chache tu mbele ya Celera, na Julai 7 rasimu ya jenomu iliwekwa kwenye intaneti. Celera hatimaye nayo iliweka data yake GenBank mwaka 2005. Biashara ya kuuza herufi ilikuwa imeshindwa na jirani anayezigawa.

2002–2016: Mlango uko wazi, barabara haipo

Mwaka 2002 zilichapishwa jenomu za *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria, na *Anopheles gambiae*, mbu anayekibeba. Kwa Afrika Mashariki hiyo haikuwa habari ya kigeni. Julai 2005 ikafuata *Theileria parva*, kimelea cha ndigana kali kinacholetwa na kupe na kuangamiza ng'ombe wa wafugaji wetu. Iliyosomwa ni aina ya Muguga, iliyopata jina kutoka kituo cha utafiti nje ya Nairobi, na kazi iliunganisha taasisi ya ILRI ya Nairobi na taasisi ya TIGR ya Marekani. Herufi milioni 8.3, kromosomu nne, jeni takriban 4,000. Orodha hiyo ya jeni ikatumika mara moja kuteua protini za kujaribu katika utafiti wa chanjo.

Kwa wengi vyuoni, hata hivyo, bure ilikuwa bado ghali. Hadi mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari. Kila baiti ilipita kwenye setilaiti, kwa bei ya kukatisha tamaa. Ukurasa wa BLAST ungeweza kufunguka, lakini kushusha hifadhidata nzima haikuwa jambo la kuzungumzia. Waya za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka huo, ya kwanza ikitua Mombasa na Dar es Salaam, hali ilianza kubadilika, ingawa umeme na seva vilibaki kuwa maswali mengine.

Muhogo unaonyesha kilichowezekana. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, kutoka kituo cha Amani katika milima ya Usambara. Kwa miongo mingi ulijulikana kama tatizo la pwani, kisha ukalipuka nyanda za Ziwa Viktoria. Mwaka 2009 Deogratius Mbanzibwa na Fred Tairo wa kituo cha utafiti wa kilimo Mikocheni, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Helsinki, walichapisha jenomu ya virusi hivyo, zaidi ya herufi 9,000. Walipoilinganisha na mifuatano ya hifadhidata, jambo la ajabu lilijitokeza: ndani yake kulikuwa na jeni ya familia ya HAM1, protini ambazo viumbe vingi, tangu bakteria hadi binadamu, huzitumia kusafisha nyukleotidi zilizoharibika. Virusi vya mimea kuwa nayo ni jambo adimu mno. Ulinganisho huo huo ulionyesha pia kwamba virusi vya pwani na vya ukanda wa ziwa vimeachana sana, na mwaka uliofuata vilitambuliwa kuwa spishi mbili. Kwa mkaguzi wa mbegu hilo si jambo la vitabuni: kipimo kilichobuniwa kwa kimoja kinaweza kukikosa kingine.

Upande wa mafunzo, Afrika Kusini ilikuwa imetangulia kwa taasisi ya SANBI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa na Nicola Mulder wa Cape Town kuanzia 2012, ulijaribu kuufikisha ujuzi huo kwingine barani. Kozi yake ya utangulizi ya 2016 iliandikisha watu 364 katika taasisi 20 za nchi 10. Mihadhara ilirekodiwa na kushushwa mapema, wanafunzi wakakaa pamoja darasani na msaidizi wa hapo hapo, na mtandao ukaachiwa maswali na majibu tu. Ulikuwa mpango uliotungwa na watu waliowahi kuona video ikigoma katikati ya somo.

2007 hadi leo: Masharti yanarudi

Mwaka 2007 Indonesia ilikataa kuendelea kutoa sampuli za mafua ya ndege. Hoja yake ilikuwa fupi: tunatoa virusi bure, kampuni zinatengeneza chanjo, kisha tunauziwa kwa bei tusiyoimudu. Mwaka uliofuata ilizaliwa hifadhidata ya GISAID, ambayo si wazi kwa mtindo wa GenBank. Lazima ujisajili, utambue waliotoa data, na usiisambaze kwa wengine. Kwa maneno mengine, sharti la Dayhoff lilikuwa limerudi, safari hii likidaiwa na watoaji wa data wenyewe.

Mfuatano wa kwanza wa virusi vya korona, herufi karibu 30,000, uliwekwa hadharani Januari 2020 na kundi la Zhang Yongzhen wa China kwa msaada wa Edward Holmes wa Australia, na kazi ya vipimo na chanjo ikaanza bila kungoja sampuli. Lakini mifuatano mingi ya miaka miwili iliyofuata, ikiwemo iliyosomwa Kilifi na maabara nyingine za Afrika, ilikwenda GISAID. Wapo waliolaani masharti yake. Watafiti wengi wa Afrika waliyatetea, na tukio la Novemba 2021 linaonyesha sababu. Botswana na Afrika Kusini zilitangaza aina mpya ya kirusi hicho, iliyokuja kuitwa Omicron, ndani ya siku chache za kuiona. Malipo yao yalikuwa kufungiwa safari za ndege.

Wakati huo huo uwazi wa zamani ulikuwa ukizaa matunda ambayo waliouasisi hawakuyaota. AlphaFold ya kampuni ya DeepMind, inayotabiri umbo la protini kutoka kwenye mfuatano wake, ilifunzwa kwa maumbo na mifuatano ya hifadhidata za umma, na waliouongoza mradi huo, Demis Hassabis na John Jumper, walipata Nobeli ya kemia mwaka 2024 pamoja na David Baker. Majibu yake, zaidi ya protini milioni 200, yanapatikana bure. Hata hivyo, ndani ya mkusanyiko uliowezesha hayo mna mifuatano ya vimelea, mimea na wadudu wa nchi ambazo hazikuwa na kiti kwenye meza yoyote iliyotajwa humu.

Nchi hizo zimelipeleka suala kwenye Mkataba wa Bayoanuwai. Mkutano wa Montreal wa 2022 ulikubali kuwa wanaofaidika na mifuatano ya kidijitali wagawane faida hiyo, na mkutano wa Cali, Colombia, mwaka 2024 ukaanzisha mfuko: kampuni kubwa za dawa, vipodozi, mbegu na kadhalika zinatakiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu iwafikie watu wa asili na jamii za wenyeji. Hakuna anayezilazimisha, na hifadhidata zenyewe zinaendelea kuwa wazi. Lakini ili mgao uwe na mahali pa kuanzia, ni lazima ijulikane mfuatano ulitoka wapi, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mifuatano iliingia GenBank bila kutajiwa nchi. Mwaka 2021 ushirika wa hifadhidata za Marekani, Ulaya na Japani ulitangaza kwamba nchi na tarehe ya kukusanywa kwa sampuli vitakuwa sharti la uwasilishaji mpya. Mifuatano iliyoingia kabla ya hapo bila nchi imebaki kama ilivyo.